Kolabo Zilizobaki Njiani: Tunamkumbuka Aaliyah

Mtoto wa mama mdogo anaitwa Aliya. Alizaliwa 2003, na siku alipopewa jina bibi alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akajua binti yake hatimaye kamkumbuka Mungu, kampa mjukuu jina la dini. Jina lenyewe ni la Kiarabu kweli, maana yake aliye juu, mwenye daraja. Dua ikasomwa, pilau likaliwa, watu wakaondoka. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi kwamba mama mdogo alilitoa jina lile kwenye picha aliyokata gazetini na kuibandika juu ya kitanda: dada mmoja mwembamba, suruali pana, nywele zimefunika jicho moja.

Mwaka 2019 Aliya akanifuata. "Kaka, huyu niliyepewa jina lake aliimba nini hasa?" Nikachukua simu kwa mbwembwe, nikaingia kwenye programu ya muziki, nikaandika jina. Ikaja albamu moja tu. Ya mwaka 1994. Tukasikiliza nyimbo tatu, Aliya akasema sio mbaya ila za kizamani, akarudi kwenye mambo yake.

Kiukweli iliniuma. Maana mimi namkumbuka huyu dada kwa njia nyingine kabisa. Nilimjua kwenye kibanda umiza, tunakaa kwenye mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi mia, tumekuja kumwona Jet Li akipiga watu mateke kwenye Romeo Must Die. Mtafsiri anaongea juu ya kila kitu, hata pale pasipo na maneno. Lakini akitokea yule dada, hata wale wakorofi wa nyuma walikuwa wananyamaza. Tulikuja kwa ajili ya mateke, tukatoka tunamwongelea yeye.

Sasa inakuwaje staa mkubwa hivyo, mtu ukimtafuta unapata albamu moja tena ya kwanza? Ndo nikaanza kufukua. Niliyoyakuta ni mengi, na mengi yake ni habari ya vitu ambavyo havikutokea.

Alikotoka

Jina lake kamili ni Aaliyah Dana Haughton. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1979 Brooklyn, New York, ila akakulia Detroit. Familia ilikuwa na muziki ndani. Mjomba wake, Barry Hankerson, aliwahi kuwa mume wa Gladys Knight, yule mkongwe wa soul. Kwa hiyo wakati sisi wengine mashangazi zetu wanatufundisha kukuna nazi, yeye akiwa na miaka 11 alipanda jukwaa moja na Gladys Knight kule Las Vegas. Mwaka mmoja kabla ya hapo alienda kwenye shindano la vipaji la televisheni, Star Search. Alishindwa. Wale wote mnaokatwa kwenye usaili wa mashindano ya kuimba, shikeni hiyo.

Mjomba alikuwa na lebo yake, Blackground, akamsainisha akiwa na miaka 12. Akamkabidhi kwa prodyuza aliyekuwa moto wakati huo, R. Kelly. Albamu ya kwanza ikatoka Mei 1994, mtoto ana miaka 15. Ikauza sana.

Hapa sipiti haraka, maana watu wanapenda kuparuka. Agosti 1994 R. Kelly, mwenye miaka 27, alifunga ndoa na huyu binti. Cheti kiliandikwa kuwa ana miaka 18. Uongo mtupu. Mwaka uliofuata ndoa ikabatilishwa, familia ikamtoa binti yao kwa yule bwana, na Aaliyah hakutaka kabisa kuizungumzia habari hiyo mpaka anakufa. Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama umbea wa mjini, wakamcheka na yeye mtoto. Mwaka 2021 mahakama ya Brooklyn, mji aliozaliwa, ikamtia R. Kelly hatiani, na moja ya mambo yaliyothibitishwa ni rushwa aliyopewa mtumishi wa umma ili kitambulisho bandia cha Aaliyah kipatikane. Mwaka 2022 akapigwa miaka 30 jela. Yaani haki ilikuja wakati mwenye haki yupo kaburini miaka 20.

Tafadhali, ukisikia mtu anaita ile "mapenzi", mrekebishe. Alikuwa mtoto wa shule.

Kolabo iliyobadilisha kila kitu

Fikiria una miaka 16, umetoka kwenye kashfa, prodyuza uliyemzoea ndo huyo huyo aliyekuumiza. Wengi wangezimika hapo. Yeye akaenda kwa vijana wawili kutoka Virginia ambao walikuwa bado hawajatoboa: Timbaland na Missy Elliott.

Leo hayo majina ni makubwa, ila wakati ule walikuwa wanahangaika tu. Midundo ya Timbaland ilikuwa ya ajabu, inakatika katika, inasimama pale ambapo sikio linataka iendelee. Missy anaandika mashairi kama mtu anayepiga soga barazani. Aaliyah akaweka juu yake sauti yake ile ya chini, laini, hapigi kelele kabisa. Albamu ya One in a Million ikatoka Agosti 1996. Tangu hapo R&B ya redioni ikaanza kusikika tofauti.

Mnaosema siku hizi "kolabo" mkimaanisha mtu anatuma vesi yake kwa WhatsApp, ile ilikuwa kitu kingine. Wale walikua pamoja. Missy alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1997, Aaliyah yumo. Kulikuwa na Static Major pia, mtunzi ambaye jina lake wengi hawalijui ila nyimbo zake wanazijua. Huyo ndo mkono nyuma ya ngoma zake nyingi za mwisho. Mwaka 1998 wakatoa Are You That Somebody? kwa ajili ya filamu ya Dr. Dolittle, na ndani ya mdundo Timbaland akaweka sauti ya mtoto mchanga. Ukiambiwa tu utasema ni utani. Ukisikiliza unaelewa.

Nas alimwita kwenye albamu yake ya 1999. DMX, pamoja na ukali wake wote na ile sauti ya kubweka, alirekodi naye Come Back in One Piece mwaka 2000. Hapo utaona kitu: watu wagumu walikuwa wakifika kwake wanalainika, na yeye habadiliki.

Akaingia kwenye filamu

Machi 2000 ndo Romeo Must Die ikatoka, filamu yake ya kwanza kubwa. Wimbo wake Try Again ukapanda mpaka namba 1 Marekani, na ukaweka historia: wa kwanza kufika kileleni kwa kupigwa redioni peke yake, bila hesabu ya mauzo ya singo madukani. Mwaka huo huo video yake ikabeba tuzo mbili za MTV.

Baada ya hapo akaenda Melbourne, Australia, kurekodi Queen of the Damned. Aliigiza kama Akasha, malkia wa Misri ya kale ambaye ni mama wa wanyonya damu wote. Mchana anapiga filamu, muda mwingine yuko studio anatengeneza albamu ya tatu. Albamu hiyo, aliyoipa jina lake mwenyewe, ilitoka Julai 2001. Iliingia chati namba 2.

Ana miaka 22. Mzigo ulio mbele yake wakati huo ulikuwa hivi.

Moja, The Matrix. Walishampa uhusika wa Zee kwenye filamu mbili za mwendelezo, na alishaanza kurekodi baadhi ya vipande. Yaani huyu alikuwa anaingia kwenye filamu iliyokuwa inasubiriwa na dunia nzima.

Mbili, Sparkle. Whitney Houston alikuwa anaipenda filamu ya 1976 yenye jina hilo, habari ya mabinti ndugu wanaoimba na umaarufu unavyowasambaratisha. Alitaka itengenezwe upya, na aliyemtaka kwenye nafasi ya mbele ni Aaliyah. Hebu ikae kidogo kichwani: Whitney anaandaa, Aaliyah anaimba na kuigiza.

Tatu, Honey, ile filamu ya mcheza dansi iliyotoka 2003 na Jessica Alba. Mwanzoni ilifikiriwa kwa ajili yake.

Nne, Timbaland, Missy na Static wenyewe. Hao walikuwa hawajamaliza. Ukisikiliza albamu ya tatu unasikia kabisa watu waliofungua mlango na bado wapo kizingitini.

Agosti 25

Video ya Rock the Boat ilikuwa inapigwa Bahamas, kisiwa cha Abaco, muongozaji Hype Williams. Kazi ikaisha mapema kuliko walivyopanga. Safari ilikuwa ya kesho yake, lakini watu wamechoka, wanataka kurudi nyumbani Marekani. Jumamosi tarehe 25 Agosti 2001, jioni, wakapanda kindege kidogo aina ya Cessna pale Marsh Harbour.

Kiliruka, hakikufika popote. Kilianguka karibu na mwisho wa uwanja na kuwaka moto. Watu 9, akiwemo rubani. Hakuna aliyepona.

Uchunguzi ulikuja kuonyesha mambo ambayo ukisoma unashika kichwa. Ndege ilizidi uzito. Rubani hakuwa na kibali cha kuirusha ndege ile, na mwilini mwake vilikutwa pombe na kokeni. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lilikuwa ni lazima litokee. Wakubwa zetu wanasema ajali haina kinga, lakini hii ilikuwa nazo kinga tele, hakuna aliyezitumia.

Na tukimlilia yeye tusiwasahau waliokuwa naye: watengeneza nywele wake, mpambaji wake, mlinzi, watu wa lebo, mtu wa kuandaa video. Kila video unayoiona ina watu kama hao, wanabeba mabegi na taa, na majina yao hayapo kwenye bango. Nao walikuwa na kwao.

Mazishi yalifanyika New York tarehe 31 Agosti. Mama yake alirusha njiwa weupe 22, mmoja kwa kila mwaka wa umri wa mwanaye. Siku 11 baadaye ikatokea Septemba 11 mji huo huo, na dunia ikawa na misiba mingine. Albamu yake wakati huo ilikuwa imeshapanda namba 1.

Nafasi zikajazwa, pengo likabaki

Queen of the Damned ilitoka Februari 2002 na kuongoza mauzo wiki ya kwanza. Kuna sehemu sauti haikuwa imekamilika, ikabidi kaka yake, Rashad, aingie studio kumalizia maneno ya dada yake. Mimi nina dada. Sijui kama ningeweza kusimama kwenye kipaza sauti na kufanya kitu kile.

Kwenye The Matrix nafasi ya Zee ikaenda kwa Nona Gaye, vipande vikapigwa upya, filamu zikatoka 2003. Nona ni binti wa Marvin Gaye, mwimbaji aliyeuawa kwa risasi na baba yake mzazi mwaka 1984. Kwa hiyo aliyekuja kushika nafasi ya marehemu alikuwa mtu anayejua vizuri msiba wa mwanamuziki unavyokuwa nyumbani.

Whitney aliiweka Sparkle kabatini. Ikakaa huko miaka kumi. Ilipokuja kutengenezwa, nafasi ya binti ilienda kwa Jordin Sparks na Whitney mwenyewe akaigiza mama. Filamu ilitoka Agosti 2012. Whitney alikuwa amefariki Februari mwaka huo huo. Dah. Filamu moja, sauti mbili kubwa, na hakuna hata mmoja kati ya wale wawili walioiota aliyeishi kuona inaonyeshwa.

Static Major alifariki Februari 2008, akiacha wimbo wa Lollipop wa Lil Wayne ambao ulikuja kuwa mkubwa kuliko kitu chochote alichowahi kuandika, na yeye hakuushuhudia. DMX akaondoka Aprili 2021. Ukiangalia ile video ya Miss You, iliyotolewa baada ya kifo chake, DMX yupo pale anaomboleza. Leo anayeomboleza naye anaombolezewa.

Missy na Timbaland wapo. Wamefanya makubwa. Ila sikiliza Missy kila anapomtaja, miaka yote hii, sauti inabadilika.

Kolabo na marehemu

Halafu kuna jambo la pili ambalo linanikera, ngoja niliseme. Msanii akifa, sauti yake inabaki kwenye mashine, na mashine ina mwenyewe. Mwaka 2012 Drake, ambaye mpaka tatuu ya sura ya Aaliyah anayo mgongoni, alitoa wimbo wenye sauti yake na kukawa na mpango wa albamu nzima. Watu wakahoji: albamu ya Aaliyah bila Timbaland na Missy? Mradi ukafa. Mwaka 2013 Chris Brown naye akatoa wake. Desemba 2021 ukatoka mwingine na The Weeknd.

Sisemi hawa walikuwa na nia mbaya. Wengi ni mashabiki kama mimi na wewe. Ila mimi kolabo naielewa hivi: unamwambia mwenzako hapa sijapapenda, turudie. Unakataa beti. Unachelewa studio, mnagombana, mnakula chipsi, mnarudia tena. Aliyekufa hawezi kukataa beti. Atakachoimba ni kile alichokiacha, na pembeni yake atawekwa yeyote mwenye hela na makaratasi.

Kuhusu makaratasi sasa, hapa ndo nikapata jibu la Aliya. Nyimbo zake nyingi zilikuwa chini ya Blackground, lebo ya mjomba, na kwa miaka mingi hazikuwekwa kwenye programu za muziki. Albamu ya kwanza tu ndo haki zake zilikuwa kwa kampuni nyingine, kwa hiyo hiyo ikabaki inapatikana. Unaelewa maana yake? Kizazi kizima kilichokuja na simu janja, mtoto wa Dar, wa Mombasa, wa Chicago, akimtafuta Aaliyah anapewa kazi moja tu, ile aliyotengeneza na mtu aliyemdhulumu utoto wake. One in a Million haipo. Ile ya 2001 haipo. Kazi alizofanya akiwa huru, na marafiki aliowachagua mwenyewe, ndo zikafichwa.

Zilirudi mwaka 2021. One in a Million ikawekwa tarehe 20 Agosti, siku mbili baada ya kesi ya R. Kelly kuanza kusikilizwa Brooklyn. Ile ya tatu ikafuata Septemba. Na hata hapo hapakuwa na amani, wasimamizi wa mirathi yake upande mmoja, lebo upande mwingine. Wenzetu wa huku nyumbani mnaosaini mikataba bila kusoma kwa sababu mwenye lebo ni ndugu au ni mwana, someni hapo mara mbili. Undugu haufuti sahihi.

Nilipomrudia Aliya

Siku zile zilipowekwa nilimtumia Aliya albamu ya tatu, bila maneno mengi. Akakaa kimya siku nzima. Usiku akanipigia. Hakuzungumza habari ya ndege wala ya The Matrix. Aliniuliza tu, "Huyu alikuwa na miaka mingapi hapa?" Nikamwambia 22. Akasema, "Mimi nina 18." Tukanyamaza wote.

Mimi nikiandika haya nimeshampita umri. Inashangaza kumwita mtu dada mkubwa maisha yako yote halafu siku moja ukajikuta wewe ndo mkubwa. Bibi mpaka leo anajua jina la mjukuu wake ni la dua tu, na kwa namna fulani yuko sahihi. Mtu mmoja mbali huko aliishi miaka 22, akafanya kazi na marafiki zake kwa upendo, na jina lake likafika mpaka kwenye nyumba yetu, likaliwa pilau.

Kama umemjua leo, anza na One in a Million, malizia na ile ya 2001, sikiliza kwa spika zenye besi. Halafu niambie: angekuwepo, ungependa kumsikia na nani? Mimi jibu langu ni jepesi. Ningempa Timbaland, Missy na Static, studio moja, usiku mmoja tena.

Pumzika kwa amani, dada.